Ngozi Iliyotulia Haijapona
Mhadhara wa wazi kuhusu pumu ya ngozi



Nimeombwa nizungumzie pumu ya ngozi, na naanza na swali ambalo wazazi huniuliza hata kabla hawajakaa kitini: "Daktari, ipo dawa ya kuimaliza kabisa?" Haipo. Nalisema mapema ili tusidanganyane saa nzima. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi wanaweza kulala usiku mzima, kusoma, kufanya kazi na kuvaa mikono mifupi bila aibu, tena kwa kutumia vitu ambavyo vingi vyake vinauzwa mtaani kwetu. Kinachotukwamisha zaidi ni ratiba. Tunautibu ugonjwa huu siku unapowaka, tukauacha siku unapotulia. Hoja yangu jioni hii ni moja: sehemu kubwa ya kazi ya kutibu pumu ya ngozi hufanyika siku ambazo hakuna kinachowasha.

Ugonjwa wenyewe

Kwa watoto wengi unaanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mashavu yanakauka na kukwaruza, yanatoa majimaji, mtoto anasugua uso kwenye shuka au kwenye bega la mama. Akikua, ugonjwa unahamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono na miguu. Wengi hutulia wanapokaribia ujana, wengine huendelea nao utu uzimani. Mara nyingi katika familia hiyohiyo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya aleji. Hauambukizi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake na kukaa dawati moja na wenzake.

Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikasema ugonjwa huu huonekana kwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi hivyo. Tunaona weusi uliokolea, rangi ya zambarau au ya kijivu kama ya mtu asiyepaka mafuta, na mara nyingi vipele vidogo vigumu vinavyokaa kwenye vinyweleo, ambavyo unavihisi kwa kidole kabla ya kuviona. Ngozi inayokunwa miezi mingi inanenepa na kuonyesha mistari. Mchochota ukiisha, yaani uvimbe, joto na muwasho vikiondoka, yanabaki mabaka meusi au meupe. Mabaka hayo ni alama za vita vilivyokwisha, na hufifia yenyewe taratibu kwa miezi. Anayeyafukuza kwa krimu za kung'arisha ngozi anaanzisha ugonjwa mwingine.

Kuna magonjwa mawili ambayo huchanganywa sana na pumu ya ngozi. La kwanza ni upele, unaoletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Huo huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, na kwa kawaida watu kadhaa nyumbani wanajikuna kwa wakati mmoja. La pili ni fangasi wa ngozi, choa au mashilingi, wenye duara lililoinuka kingoni na kusafika katikati. Ukimpaka mwenye fangasi dawa ya pumu ya ngozi, duara linapotea kwa muda huku fangasi wakisambaa chini kwa chini. Ndiyo maana mtu wa kuuangalia ugonjwa wako kwanza ni mtabibu wa zahanati, si jirani mwenye tyubu iliyobaki.

Kwa nini ngozi inawaka

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa zilizopangwa safu kwa safu, na katikati yake mna mafuta. Linazuia maji ya mwilini yasitoke, na linazuia vumbi, sabuni na vimelea visiingie. Kwa mwenye pumu ya ngozi tabaka hili linavuja. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa Ulaya wamerithi hitilafu katika jeni la filagrini, protini inayolikaza tabaka hilo na kulitunzia unyevu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika hitilafu hizo ni adimu, na bado wanaugua. Tunajifunza kwamba njia za kufikia ngozi inayovuja ni zaidi ya moja.

Vitu vya nje vikipenya, kinga ya mwili inaamka. Seli zake zinamwaga kemikali za mchochota, na mbili kati yake, interlukini 4 na interlukini 13, huupunguzia mwili uwezo wa kutengeneza filagrini hata kwa mtu asiye na hitilafu ya kurithi. Uvujaji unaleta mchochota, mchochota unazidisha uvujaji. Hapo mgonjwa anajikuna, kucha zinachana kile kidogo kilichobaki, na bakteria aina ya stafilokokasi, ambao kwa kawaida wamejaa kwenye ngozi ya wagonjwa hawa, wanapata mlango. Kumwambia mtoto "acha kujikuna" katikati ya hali hiyo ni kumwonea. Kinachomkuna ni ugonjwa.

Sasa niifikie hoja yangu. Wanasayansi wamechukua vipande vidogo vya ngozi ya wagonjwa kutoka sehemu zinazoonekana nzima, laini, zisizowasha. Chini ya hadubini wamekuta seli za kinga zimekusanyika zaidi kuliko kwa mtu mwenye afya, na vipimo vimeonyesha maji yanavuja kupita kiasi hata hapo. Macho yanasema imepona. Ngozi yenyewe haijapona. Watu wa pwani wanaijua hali hii kwa nyumba zao. Paa la makuti linatazamwa na kuezuliwa yaliyooza wakati wa kiangazi, kwa sababu anayepanda juu na makuti mapya wakati masika yameshaanza atalowa yeye na vyombo vyake.

Faida ya kutibu ngozi iliyotulia imepimwa pia kwa wagonjwa. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu waliotibiwa kwanza mpaka ngozi ikatulia, kisha wakagawanywa. Kundi moja liliendelea na mafuta ya kulainisha peke yake. Kundi la pili lilitumia mafuta hayohayo, na kwa siku 2 za wiki likapaka dawa ya steroidi pale ambapo ugonjwa ulikuwa na mazoea ya kurudi. Kufikia wiki ya 6, nusu ya kundi la kwanza walikuwa wameshaugua tena. Kundi la pili, zaidi ya nusu walimaliza wiki 16 za utafiti bila kurudiwa. Dawa ni ileile tunayoijua sote. Tofauti ilikuwa siku ya kuipaka.

Maji, sabuni na mafuta

Kazi ya kila siku inaanzia bafuni. Kuoga hakukatazwi, kwa kweli kunasaidia kuondoa jasho, vumbi na ukoko. Tatizo ni namna tunavyooga. Maji ya moto yanayeyusha mafuta ya ngozi, kwa hiyo yawe vuguvugu, na dakika 5 hadi 10 zinatosha. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH karibu na 5, wakati sabuni za kawaida za kipande na za mche zina pH ya 9 au 10. Sabuni za dawa zenye harufu kali, ambazo wazazi wengi huzinunua kwa nia njema, huchoma zaidi. Tumia sabuni isiyo na manukato, tena kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, si mwili mzima. Dodoki na jiwe la kusugulia viachie wenye ngozi inayovumilia.

Ukitoka bafuni, jipanguse kwa kugusisha taulo au kanga, bila kusugua, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya petroli, ni miongoni mwa mafuta bora duniani kwa kazi hii, na pia ni miongoni mwa ya bei nafuu. Joto la Dar es Salaam au Mombasa likimfanya mgonjwa aone yananata, anaweza kutumia losheni nzito mchana na mgando usiku. Mafuta ya nazi safi yamefanya vizuri katika utafiti mdogo wa watoto nchini Ufilipino. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi wanayasifu, yalipopimwa Uingereza yalionekana kulidhoofisha tabaka la juu la ngozi, yaache jikoni.

Kiasi ndicho kinachowashangaza wazazi. Miongozo ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki kwa mtoto mwenye ugonjwa mwilini kote. Kopo dogo linalomtosha mtoto huyo mwezi mzima ni ishara kwamba hapakwi vya kutosha. Yapakwe angalau mara 2 kwa siku, kwa kuteleza kuelekea vinyweleo vinakolala, na yapakwe Jumatatu ngozi ikiwa laini kama yalivyopakwa Ijumaa ilipokuwa inawaka. Nitoe na tahadhari moja ya nyumbani kwetu: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto haraka. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na kibatari, mshumaa au jiko la mkaa.

Kuna waliotumaini kwamba mafuta yangeweza kuuzuia ugonjwa usianze kabisa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha karibu watoto 1,400 waliokuwa hatarini kwa sababu ya familia zao, uliwapaka wengine mafuta kila siku katika mwaka wao wa kwanza. Waliugua sawa na wasiopakwa. Kwa hiyo mama asijilaumu kwamba alichelewa kupaka. Mafuta ni chombo cha kuutuliza ugonjwa ulioanza, na hapo ndiyo msingi wa tiba.

Makosa mawili na tyubu moja

Mwaka 1952 madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani walitoa taarifa kwamba steroidi iitwayo haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi inatuliza ugonjwa huu. Tangu hapo steroidi za kupaka ndizo dawa kuu, na Afrika Mashariki tumezifanyia makosa mawili yanayopingana.

Kosa la kwanza ni kuzitumia bila kujua. Krimu za betamethasoni na klobetasoli zinauzwa kama karanga. Nyingine zimo ndani ya mkorogo wa kujichubua. Nyingine zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria katika tyubu moja, na muuzaji anaitoa kwa kila kinachowasha. Klobetasoli ina nguvu mara mia kadhaa kuliko haidrokotisoni. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inajitokeza, chunusi zinafumuka, na ikipakwa mapajani au kwapani inaleta michirizi isiyofutika. Ikizunguka macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho. Ikipakwa mwili mzima kwa mtoto mdogo, inaweza kuzizuia tezi zake zisitengeneze homoni ya kawaida.

Kosa la pili ni la yule aliyeyaona hayo kwa shangazi yake akaapa hataigusa. Mtoto anaachwa miezi anajikuna, halali, anasinzia darasani, halafu anaitwa mvivu. Mzazi anapaka kidogo sana, siku 2, kisha anaacha, ugonjwa unarudi, na anasema dawa haifanyi kazi.

Dawa ya makosa yote mawili ni kipimo. Haidrokotisoni ni dhaifu, inafaa usoni na kwenye mikunjo. Betamethasoni ni kali, inafaa mikono, miguu na kiwiliwili kwa muda uliopangwa. Klobetasoli ni kali kupita zote, na haipaswi kununuliwa bila daktari. Kiasi chake kimewekewa kipimo cha kidole tangu mwaka 1991: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha kufunika eneo la viganja 2 vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja wa mtu mzima, bila unyayo, unahitaji vipimo 6. Fanyeni hesabu: miguu yote miwili ni vipimo 12, yaani gramu 6. Tyubu ya gramu 15 haimalizi siku ya tatu. Mgonjwa anayesema tyubu moja ilimtosha miezi mitatu hakuwahi kupaka dawa, aliionja.

Ratiba tunayowaandikia wengi ni hii. Ugonjwa ukiwaka, paka kila siku mpaka ngozi iwe laini chini ya kidole na muwasho uishe. Usiache siku ya kwanza unapopata nafuu. Kisha, kwa wale ambao ugonjwa huwarudia palepale, paka siku 2 za wiki katika sehemu hizo, tuseme Jumamosi na Jumapili, huku mafuta yakiendelea kila siku. Muda wa kuendelea hivyo upangwe na anayekutibu. Kwa uso na kope ipo pia takrolimasi ya kupaka, ambayo haipunguzi unene wa ngozi, ingawa huunguza kidogo siku za mwanzo na bei yake ni kubwa.

Kuna njia za mkato za kuepuka. Vidonge na sindano za steroidi hutuliza kwa kasi ya ajabu, na zinapoisha ugonjwa hurudi kwa hasira. Klofeniramini, ambayo wengi tunaiita piritoni, inaleta usingizi lakini inaugusa muwasho huu kidogo sana, kwa kuwa kemikali inayozuiwa nayo si chanzo kikuu cha muwasho wa pumu ya ngozi. Kwa wachache ambao kupaka hakuwatoshi, tiba ya mwanga na vidonge vya kutuliza kinga vipo katika hospitali kubwa. Sindano ya dupilumabu, inayozuia zile interlukini mbili nilizozitaja, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kwa wengi wetu haimo ndani ya uwezo, na nayo pia hutumika kwa kuendelea, haimalizi ugonjwa.

Chakula na lawama

Mtoto akivimba ngozi, jambo la kwanza nyumbani ni kumnyima chakula. Mayai yanaondolewa, samaki anaondolewa, kisha maziwa na karanga. Nimewaona watoto wanaofika kliniki ngozi inawaka vilevile, na sasa uzito umepungua. Wapo watoto, hasa wadogo wenye ugonjwa mkali, ambao wana aleji ya kweli ya chakula. Dalili zake ni wazi zaidi: ndani ya saa 2 midomo inavimba, mwili unatoka vipele vya ghafla vilivyoinuka, mtoto anatapika au anapumua kwa shida. Huyo apelekwe hospitali. Wengine waachwe wale.

Mwaka 2015 timu ya Gideon Lack wa London ilitoa matokeo ya watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai. Waliopewa chakula chenye karanga tangu uchanga, kwa namna salama isiyowapalia, walipata aleji ya karanga kwa kiwango kidogo mno kufikia miaka 5 kuliko walioepushwa nazo. Mama anayesaga karanga kwenye uji wa mwanawe yuko karibu na sayansi kuliko jirani anayemkataza, ila mtoto mwenye ugonjwa mkali akaguliwe kwanza.

Siku ya kukimbia hospitali

Yapo mambo mawili yasiyosubiri. La kwanza ni ngozi kutoa usaha au ukoko wa njano, kuwa ya moto, mtoto akapata homa. Hapo bakteria wameingia, na antibiotiki huenda ikahitajika. La pili ni hatari zaidi: vidonda vidogo vya duara vinavyofanana ukubwa, vilivyochimbika kama vimetobolewa, vinauma kuliko kuwasha, vinasambaa haraka pamoja na homa. Hivyo huletwa na virusi vya herpesi, vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomo baada ya homa. Mtoto huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Na mtu mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto mwenye pumu ya ngozi.

Wajibu wetu

Nchi zetu zina madaktari bingwa wa ngozi wachache, na wengi wapo miji mikubwa. Tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika ili warudi wilayani na ujuzi huo. Mwaka 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Azimio halimpaki mtu mafuta. Walimu wanaweza kumruhusu mwanafunzi avae fulana ya pamba chini ya sare ya nailoni au sweta linalochoma, akae mbali na dirisha la jua, na aende kupaka mafuta wakati wa mapumziko. Wenye maduka ya dawa wanaweza kukataa kuuza klobetasoli kwa anayeonyesha picha kwenye simu. Bima za afya zinaweza kuhesabu mafuta ya mgando kuwa dawa, kwa sababu kwa mgonjwa huyu ni dawa.

Na wewe mgonjwa, au mzazi wa mgonjwa, dai mpango ulioandikwa. Uwe na sehemu tatu: nifanye nini ikiwaka, nifanye nini ikitulia, na dalili zipi zinilete mbio. Sehemu ya pili ndiyo hukosekana kwenye karatasi nyingi ninazoziona, na ndiyo itakayotumika siku nyingi zaidi za mwaka. Ukitoka kliniki bila kuandikiwa sehemu hiyo, rudi mlangoni ukaiombe.